Tyubu ya Kiwele na Jicho la Nyawira

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya macho mjini Nyeri, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikuonyeshwa jicho hata moja. Daktari Mkuu wa Macho alinikalisha kando ya mlango, akaniambia nitazame mikono ya wagonjwa wakiingia. Nilikuwa afisa wa kliniki, nimetoka chuoni juzi na koti langu limepigwa pasi, na niliona hiyo ni dharau. Saa ya chai akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu kwamba nimeona mikono.

"Mikono ya nani?"

Akanieleza kwamba mchuma chai ana vidole vyeusi kwenye ncha, na mkata nyasi za ng'ombe ana mikwaruzo hadi viwikoni. "Jicho huumia pale mikono inapofanya kazi," alisema. "Ukiijua mikono, umeanza kujua kilichoingia jichoni." Alikuwa mzaliwa wa Majengo, hapo hapo mjini, na Kiswahili chake kilitushinda sisi watu wa mashamba.

Kuvu ya jicho ni ndugu wa ile inayoota kwenye mahindi yaliyoanikwa vibaya. Jani likikukwaruza, linaweza kuiacha kwenye konea, yaani kile kioo kinachofunika sehemu nyeusi ya jicho. Mwili wenye nguvu mara nyingi huishinda. Miaka ile tulianza kupokea watu ambao miili yao haikuwa na nguvu hiyo. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Ilisemwa fulani amekonda, mazungumzo yakaishia hapo. Macho yao yalitudanganya sana. Wekundu na uvimbe ni dalili kwamba mwili unapigana, na hawa walikuwa wameishiwa na askari. Jicho lilitulia huku likiliwa.

Nyawira aliletwa kutoka Tetu na mama mkwe wake. Alikuwa mjane, amekonda, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa tangu utotoni kwa sababu ya surua. La kulia ndilo lililokwaruzwa na jani, na ndilo pekee alilokuwa nalo la kuwaonea watoto wake. Tulilitia ganzi, nikakwangua kidonda taratibu, tukautazama ule ukwanguo kwa hadubini. Nyuzi za kuvu zilionekana wazi.

Ghala letu halikuwa na dawa ya matone ya kuvu. Kulikuwa na dawa kali ya sindano ya kutibu kuvu ya ubongo, ambayo mfamasia aliweza kuizimua iwe matone. Siku hiyo alisita, chupa mkononi.

"Daktari, hii tunawekea watu wa ubongo. Na huyu mama pia ako na huo ugonjwa. Sasa tunaokoa jicho ya nini?"

"Mgonjwa asiye na mpango wa kufa bado sijamwona katika kliniki yangu," Daktari Mkuu alisema. "Changanya."

Nyawira alilazwa, na wauguzi walimtia tone kila saa. Tulitarajia kidonda kipungue, lakini kiliongezeka, na usaha ukaanza kutuama ndani ya jicho. Tukapima dawa upya. Tukashuku maji ya kuizimulia. Mimi nilianza kukata tamaa, ingawa sikusema.

Saa ya jamaa kuona wagonjwa nilipita wodini nikamkuta mama mkwe ameinama juu ya kitanda. Mkononi alishika tyubu ya plastiki yenye mdomo mrefu mwembamba, ile inayoingizwa kwenye chuchu ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Kwetu tyubu hiyo haitupwi ikibaki nusu. Huchomekwa kwenye paa la zizi, ikatumika kwa jicho la ndama, kwa kidonda cha mbwa, na mwisho kwa watu. Wengi hawakujua kwamba ndani yake, pamoja na dawa ya bakteria, kuna steroidi ya kutuliza uvimbe, na steroidi huwalaza hata wale askari wachache waliobaki.

"Cucu, hiyo ni nini?" Ndivyo tunavyowaita bibi zetu.

"Ni dawa ya ng'ombe. Ng'ombe yetu ilipona macho na hii. Ati nikae tu nikiangalia?"

Nilimkemea, na nilimkemea kwa sauti. Aliningoja nimalize.

"Daktari, ng'ombe ikipofuka tunaita mtu wa bucha. Huyu akipofuka nitaita nani?"

Nikaenda kumwita Daktari Mkuu, nikiwa na hakika atamfukuza. Yeye alivuta kiti. "Mama, kuvu ni magugu, na mwili wa Nyawira ndio jembe. Jembe lenyewe ni butu, nawe ukitia hii unalificha kabisa." Kisha akamwambia kwamba kuanzia saa hiyo matone ya mchana atayatia yeye, muuguzi akisimama karibu.

"Mimi?"

"Ulikuwa ukitia kwa wizi. Sasa nimekuruhusu."

Ng'ombe akaachiwa jirani. Bibi huyo alinawa mikono kabla ya kila tone kama anayekwenda kukama, na muuguzi aliyechelewa na chupa aliitwa kwa jina. Kidonda kilifunga polepole, kikaacha kovu jeupe pembeni. Nyawira alianza kuona vidole, baadaye nyuso, na akaondoka wodini akitembea mbele ya mama mkwe wake.

Baadaye nilihamishiwa Othaya, kisha nikawa natoka na kliniki ya kuhamahama hadi Chaka siku za soko. Kabla ya kupima mtu nilihubiri kwanza juu ya tyubu ya kiwele, hata wenye mbuzi wakanibandika jina la Daktari wa Matiti. Nilikubali. Msimamizi wangu wa huko hakufurahi.

Sasa nimestaafu. Kuna matone yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuvu, na vidonge vya kuupa mwili askari wake. Vijana wa chuo hunitembelea, na wengine huniuliza swali la yule mfamasia: kulikuwa na maana gani kutibu jicho la mtu anayekufa?

Huwaeleza kwamba yule cucu alinifuata Chaka kunipa habari ya kifo cha Nyawira. Nilimpa pole, nikamwambia ukweli uliokuwa ukiniuma: tulitibu jicho, mtu tukamwacha.

"Wacha hiyo," alisema. "Siku ya mwisho aliniambia nisimamishe watoto kwa mlango, mahali kuna mwangaza. Akawaangalia mmoja mmoja, pole pole. Ile ndogo nilikuwa nimeinyoa vibaya, kichwa yote mabaka. Akauliza ni nani amenyoa mtoto hivyo. Nikamwambia ni mimi. Alinicheka, daktari. Alinicheka mpaka na mimi nikacheka."