Skrini Niliyoisifia Leo Gungu

Ndugu zangu wa humu mtandaoni, nimewaficha jambo, na sitaki kufa nalo: macho yangu yamekwisha. Hata sasa naongea tu, simu ndiyo inayoandika.

Leo mjukuu wangu Zawadi kanipeleka Gungu tuchague kompyuta yake ya kuchorea nyumba. Ananiamini, maana kuchora ramani za nyumba ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Muuzaji akaanza: "Shikamoo Mzee. Kwa kazi hii, kitu cha kwanza ni kadi."

Nikamuuliza, "Kwani nani anaoa?"

Wakacheka mno! Kumbe ni kadi ya picha, ile inayofanya nyumba ya kwenye mchoro ionekane kama imeshajengwa. Zawadi akachagua yenye nguvu.

Ikabaki skrini. Mezani zilikuwa mbili.

"Babu, ipi ina rangi za kweli? Wewe ndiye mwenye jicho."

Nikainama, nikajifanya napima. Nikaigusa ya kulia.

"Hii. Ona kivuli cha paa kilivyotulia."

"Mzee," muuzaji akasema taratibu, "hiyo sijaiwasha."

Zawadi hakucheka. Alinishika mkono. "Tangu lini, Babu?"

Sikuweza kumjibu mbele ya watu. (Ndiyo, najua, hapa mko wengi zaidi. Mnikemee mtakavyo, ila yeye mfarijini.)

Mjukuu wangu, siku ulipoacha ualimu kule Mwandiga kwa sababu nilikwambia michoro yako ni mizuri, sikuwa nimeuona hata mmoja.