Nguruwe wa Lende

Kijiji kizima kilishakata shauri kwamba Lende ni mchawi, maana nguruwe wake walikuwa bado hai.

Wa jirani yake wa kushoto walikufa wote, masikio yakiwa ya moto kama birika la chai. Wa kulia wakafuata. Hapo katikati, kwenye banda la mianzi linalotaka kuanguka, nguruwe wa Lende walikuwa wakila na kunenepa, naye amekaa barazani akitafuna tambuu bila kumsalimia mtu.

Leda hakuwa na shida na mchawi. Shida yake ilikuwa nguruwe mmoja tu, yule dume mwenye meno yaliyojipinda aliyemlea tangu binti yake Koni alipochumbiwa. Upande wa mume ulikuwa umeshaleta farasi na nyati. Upande wa mke hujibu kwa nguruwe, na nguruwe wa kumsindikiza bibi harusi si wa kuokota njiani. Dume akifa, Koni angeingia kwenye ukoo wa watu mikono mitupu, na mawifi wangemkumbusha hilo kila akiinua sufuria.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Leda alikwenda bandani kumshika dume masikio. Yakiwa ya baridi, alipumua. Kisha mchana kutwa aliuliza watu habari za nguruwe wao, hata mumewe, Bulu, akasema mke wake anausaka ugonjwa kama mtu anayesaka chawa kichwani mwa jirani.

Kwanza alidhani ni mto. Lakini walio juu ya mto walipoteza, na wengine walio chini wakasalimika. Akafikiri ni mbu. Basi mbu gani huyo anayeiruka nyumba ya Lende? Ugonjwa haukwenda kama moto wa nyasi, ua hadi ua. Uliacha majirani, ukaenda kuua ng'ambo ya kilima, halafu ukarudi.

Bwana mifugo, kijana mpole aitwaye Melki, alikuja na pikipiki yake akauliza kila nyumba wamewalisha nini nguruwe. Kila nyumba ilijibu majani ya viazi, pumba na shina la mgomba, na hakuna aliyemdanganya. Akawatoa nguruwe damu ya kupima, akasema dawa haipo, akaondoka amenyong'onyea.

Siku moja Leda akajikaza, akaenda kwa Lende.

"Umekuja kuroga au kurogwa?" Lende alimuuliza.

"Nimekuja kuangalia nguruwe, baba."

"Waangalie kwa mbali. Jicho lako hilo linaangusha nazi."

Hata hivyo alimsogezea tambuu na popoo. Leda akatafuna, akauliza. Chakula kilekile, maji ya chemchemi ileile. Mwisho akamuuliza kama alikwenda kwenye ule msiba mkubwa wa kabla ya mvua, siku chache kabla nguruwe hawajaanza kufa. Lende akacheka. Tangu agombane na kaka zake juu ya mgawo wa nyati, hakuna aliyemwita msibani.

"Mara ya mwisho kuletewa nyama ya msiba, mke wangu alikuwa hai," alisema, akatazama pembeni.

Leda alirudi nyumbani taratibu. Msibani kila nyumba hupewa fungu lake la nyama mbichi ya nguruwe, limefungwa kwa kamba ya mwanzi, na kulikataa ni kumtemea mwenye msiba usoni. Akawakumbuka waliobeba. Majirani wa Lende walibeba. Wa ng'ambo ya kilima walibeba. Yeye na Bulu hawakwenda, Koni alikuwa na homa, na mpaka leo alikuwa akiona haya kwa hilo. Lakini nani humpa nguruwe nyama ya nguruwe? Hapo akakwama.

Kisha bibi wa mchumba wa Koni akafariki. Huo si msiba wa kukosa. Walikwenda, wakalia, wakarudi na fungu lao. Leda aliiosha nyama kwenye beseni, kama mama yake alivyoosha na bibi yake kabla yake, akaitia chunguni. Koni akalinyanyua beseni la maji yenye damu, akaelekea bandani.

Hakuwa amefanya la ajabu. Maji ya nyama yana mafuta, na katika kijiji chote hakuna anayeyamwaga bure wakati nguruwe yupo. Alikuwa ameshaliinamisha beseni juu ya hori.

"Liweke chini, mwanangu," Leda alisema. Sauti ilimtoka ndogo hata Koni akageuka kuona kama mama anaumwa.

Walichimba shimo mbali na banda, wakayamwaga, wakalifukia beseni hukohuko. Bulu alilalamikia beseni lake wiki nzima.

Melki aliporudi, Leda alimweleza. Kijana alivua kofia.

"Nilijua inaweza kuwa nyama, mama. Ila niliuliza mnawalisha nini, na hakuna aliyetaja maji."

"Maji si chakula, mwanangu. Ungeuliza tunamwaga nini."

Tangu hapo ndivyo alivyouliza, na katika nyumba karibu zote zilizopoteza nguruwe, akina mama walimwonyesha beseni.

Siku ya kumpeleka Koni, dume alifungwa kwenye mti wa mwanzi wa kubebea, mabega manne yakahitajika kumbeba. Leda alikwenda mwenyewe kumwita Lende ashike upande mmoja. Watu walitazamana. Lende akaweka bega, akaguna.

"Huyu mmemlisha mawe?"

"Majani ya viazi na pumba," Leda akajibu. Akatembea karibu na mzigo njia nzima, na kila waliposimama kupumzika alinyoosha mkono, akagusa sikio. Lilikuwa la baridi.