Sapini ya Mama Scholastique

Mwaka ule wa vita, watu wa Bunia walikimbia na magodoro kichwani. Mama Scholastique alibaki lupangoni kwake, katika ua wa nyumba yake, akichuma kwa vidole machipukizi ya sapini yake, ule mti wa Krismasi, ili mti ubaki mfupi na mnene, na kila anayeingia auone kabla ya kuona nyumba.

Jirani yake Clémence alimcheka: "Dada, muti hauzai, haurefuki! Weye unaulindia nini?"

"Nauangalia. Hiyo haitoshi?"

Siku moja wanamgambo wakaingia na mapanga, wakitafuta kuni za kupikia mbuzi wa wizi.

"Mama, toka hapo, tunakata huu muti."

"Mutaukata pamoja na mimi. Munataka kuni? Mulango wa nyumba ule pale, mbao kavu. Ung'oeni!"

Mkubwa wao akaangua kicheko. "Huyu mama iko na kichaa! Utalala bila mulango?"

"Kwani mulango ungewazuia ninyi kuingia?"

Wakaung'oa mlango, wakaondoka nao.

Clémence akaja mbio. "Dada, wamekuacha wazi!"

Scholastique alikuwa ameshaweka kiti chake ndani, kikitazama sapini kule nje. "Wazi kabisa," akasema. "Sasa nauona hata nikiwa nakula."