Dakika Kumi na Mbili za Dobi

Jumapili, siku moja baada ya mashindano, Dobi alishuka vidato vitatu vya uani kinyumenyume, mkono mmoja ukutani, kama mtoto anayejifunza kutembea. Mapaja hayakutaka kusikia habari za kukunjwa. Alianika shuka mbili za mama mkwe wake, akapumua, kisha akasimama kuvitazama vile vidato. Kuvipanda tena ilikuwa shughuli.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye vyeti tu, maana miaka ishirini na moja ya kufua mashuka ya hoteli ilikuwa imelifuta mdomoni mwa watu. Hata mumewe, dereva wa lori la masafa marefu aliyelala nyumbani mara mbili kwa mwezi, alimwita Dobi.

Mambo ya mashindano yalianzia kwenye taulo. Ng'ambo ya barabara, mkabala na hoteli, palikuwa na jumba la mazoezi, na taulo zake zilifuliwa hotelini. Siku moja lifti ya hoteli iliharibika, Dobi akapanda ghorofa mbili kwenda kuanika, na gunia la taulo mbichi begani. Kocha wa jumba lile, aliyefuata taulo zake, akamwona, akalipima lile gunia kwa mkono, akaguna.

"Dada, hili unalibeba kila siku?"

"Kwani nani mwingine alibebe?"

Basi kocha akamshawishi ajaribu mashindano. Miezi minne Dobi akawa anapitia pale mara tatu kwa wiki akitoka kazini, nusu saa, mpaka siku ya siku ikafika. Mashindano yenyewe yalikuwa hivi: unakimbia kilomita moja, unafanya kazi moja ya nguvu, unakimbia nyingine, unafanya kazi nyingine, mpaka zinatimia mbio nane na kazi nane. Kuna kusukuma kitoroli cha chuma kisicho na magurudumu, kuna kukivuta kwa kamba, kuna kupiga makasia kwenye mashine, kuna kubeba mfuko wa mchanga mabegani huku goti likigusa chini kila hatua. Mwisho kabisa ni kurusha mpira mzito ukutani mara sabini na tano, wakati mtu hana tena hata nguvu ya kujifuta jasho.

Dobi alimaliza. Muda wa saa moja na dakika hamsini na nane. Katika wanawake sitini na wanne wa rika lake, akawa wa hamsini na moja.

Mchana ule wa Jumapili wifi yake akaja. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa kupenda kila kitu kiwe na mstari na jibu. Alikuja na matokeo aliyoyachapa, karatasi ya grafu, rula na kalamu nyekundu.

"Kaa hapa wifi, tukusahihishe," alisema, akisukuma vikombe pembeni. "Mtu hawezi kuwa wa pili kwenye kusukuma chuma halafu akawa wa hamsini na moja kwa jumla. Mahali fulani pana tundu."

"Wa pili?" Dobi hakuwa anajua.

"Wa pili! Kuvuta kamba, wa nne. Kazi zote nane, dakika thelathini na nane na nusu. Kumbe mashuka ya watu yamekujenga hivyo?"

Dobi alicheka, tumbo likamuuma akaacha. Kutoka chumbani sauti nyembamba ikaita, "Mwanangu!"

Wote wawili waliinua vichwa. Aliyeinuka ni Dobi.

Mama mkwe wake alikuwa mwaka wa tatu kitandani, upande wa kushoto umekufa tangu alipopata kiharusi. Alitaka mto usogezwe. Dobi akausogeza, akarudi, akaketi taratibu, meno yameumana.

"Sasa mbio," alisema mwalimu. Alikuwa ameshaweka nukta nane kwenye grafu. "Ya kwanza, dakika sita na sekunde kumi. Kilomita moja! Ulikuwa unafukuzwa na nani? Ya pili sita na hamsini, ya tatu saba na ishirini, ya nne saba na arobaini. Haya, mtu anachoka. Lakini ya tano, tisa na thelathini na tano. Hapa hukuchoka wifi, hapa umeanguka. Ya nane, kumi na arobaini na tano. Hiyo si mbio, hiyo ni kwenda dukani."

"Miguu ilikwisha."

"Haijaisha. Baada ya hapo umebeba mfuko wa mchanga vizuri tu. Kilichokwisha ni kitu kingine."

"Mwanangu!"

Dobi akainuka. Maji ya kunywa. Akarudi. Hajatulia, "Mwanangu!" Pazia, jua lilikuwa linampiga machoni. Kalamu nyekundu ya mwalimu ilichora vijiti vitatu pembezoni mwa karatasi. Mazoea ya darasani. Hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini anavichora.

"Halafu kuna hili," aliendelea. "Nimejumlisha mbio, nimejumlisha kazi, hesabu haifiki. Zinapungua dakika kumi na mbili. Ni pale unapotoka kwenye mbio kuingia kwenye kazi, na kutoka kwenye kazi kurudi mbioni. Wenzako wametumia tano, sita. Wewe kumi na mbili. Ulikuwa unafanya nini?"

Dobi alifikiri. "Nilisimama."

"Ulisimama kufanya nini?"

"Kusimama tu. Pana vyuma vya kuegemea pale. Nikiegemea, naona watu wanapita, kelele, muziki... na hakuna anayeniita." Alitazama mikono yake. "Nikawa najiambia, kidogo tu, nitaondoka. Kila mara hivyo."

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Juzi, usiku wa kuamkia mashindano, ulilala saa ngapi?"

"Kama kawaida. Saa nne namgeuza mama, saa saba namgeuza, saa kumi namgeuza na kumbadilisha. Saa kumi na mbili natoka."

"Kila siku?"

"Asipogeuzwa anapata vidonda, wifi. Daktari alitwambia sote."

Neno hilo la mwisho lilikaa mezani. Mwalimu alikuwa na maneno yake ya siku zote, aliyokuwa akiyasema akija Jumapili na matunda na kuondoka kabla ya jioni: mama amezoea mkono wako, sisi wengine anatukataa. Safari hii hayakutoka.

"Mwanangu!"

Dobi alishika ukingo wa meza. Mara ya kwanza hakuweza. Alirudi kitini kwa kishindo kidogo. Mwalimu akachora kijiti kingine, akavihesabu. Vinne, na hata nusu saa haijatimia.

"Unataka kusema mimi simwangalii mama yangu?" aliuliza kwa ukali.

"Sijasema neno. Mwenye kalamu ni wewe."

Mwalimu alikusanya karatasi zake, rula na grafu, akaondoka bila kuaga chumbani. Dobi hakumfuata; alijiinua polepole, akaenda kwa mama. Nguvu za kugombana zinataka mtu aliyelala.

Jumanne jioni mwalimu alirudi na begi dogo. Alisema, bila kumtazama usoni, kwamba Jumanne na Ijumaa atalala yeye na mama. Dobi alisema, "Haya." Hakushukuru, na baadaye alijilaumu kidogo kwa hilo, lakini shukrani nayo ilihitaji pumzi.

Haikuwa mteremko. Mama mkwe alilalamika kwamba mikono ya binti yake ni ya baridi, inamshika kama inashika chaki. Mwalimu alilia jikoni asubuhi ya kwanza. Dobi naye, badala ya kulala, aliamka saa saba, akaamka saa kumi, akakaa kitandani na miguu sakafuni akisikiliza. Ilichukua wiki tatu kabla hajalala moja kwa moja mpaka kukakucha, na siku hiyo alichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Msimamizi alimfokea. Aliyapokea yale maneno kwa uso mtulivu, akaenda kuwasha mashine.

Mitihani ya shule ilipofika, siku mbili zikawa moja. Dobi hakushangaa. Aliishika ile moja kwa meno.

Miezi sita baadaye akashindana tena. Muda wa saa moja na dakika hamsini na moja. Kocha alitarajia zaidi, na uso wake ulionyesha. Dobi aliitazama saa, akauliza kama kuna maji, akaenda nyumbani.

Alioga, akalala na nguo za kutokea, mlango wazi. Chumba cha pili mwalimu alikuwa anamlisha mama yake uji, kijiko baada ya kijiko.

"Ameshinda?" mama aliuliza.

"Amekuwa wa arobaini na tatu."

"Katika wangapi?"

"Sitini na nane."

Bibi mzee alitafuna hesabu hiyo pamoja na uji. "Basi wapo wengi nyuma yake," alisema. "Nigeuze sasa. Na usipige kelele, mwenzio amelala."

Mwalimu aliweka bakuli chini, akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akamgeuza mama yake.