Swafiya na Sanduku la Njano

Swafiya wa Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, aliuza sambusa asubuhi na jioni aliimba harusini. Ulimi wake haukumwacha mtu. Alimwimba bwana harusi aliyeazima suti, akamwimba hata imamu aliyesinzia. Wengi walimwalika kwa kuogopa kitakachoimbwa wasipomwalika.

Mwaka 1990, vita vilipoanza kaskazini, wazungu waliokuwa wakijenga barabara waliondoka haraka. Ghala lao likavunjwa, vyuma vikaingia mtaani. Mugenzi, aliyekuwa mume wangu kabla hajanitupa kama ganda la ndizi, alipata sanduku la njano, dogo lakini zito ajabu. Akasema atalipasua Jumamosi, ayeyushe madini yaliyomo.

Kisha akaja Jean-Bosco, fundi wa barabara aliyefanya kazi na wazungu wale, na kipaza sauti.

"Kifaa cha kupimia udongo kimepotea! Sanduku la njano, lina alama ya mapanga matatu kama feni. Ndani mna kitu cha kutoa mionzi. Huioni, hainuki, lakini ukifungua itakuunguza mpaka mifupani. Lipelekeni kwa askari!"

Kwa askari! Siku zile ukikutwa na kitu cha wazungu uliitwa mpelelezi. Kila mtu akafunga mlango.

Nilikwenda kwa Swafiya nikicheka. "Liko kwa Mugenzi. Amelifanya kiti. Mwache apasue, dada."

"Na Mukamana?"

Mukamana ndiye aliyeolewa badala yangu. Alikuwa mjamzito.

"Amejitakia."

"Na mtoto naye amejitakia? Mionzi haiulizi nani alimwacha nani."

Nilikasirika, maana alisema kweli.

Swafiya akamkimbilia Jean-Bosco. "Kaka, unawaita watu jela halafu unashangaa hawaji? Waliache uwanjani, wewe uliokote. Usiulize ni la nani."

Jean-Bosco alijikuna kichwa, akakubali.

Ijumaa kulikuwa na harusi. Swafiya akasimama katikati ya ngoma:

"Kuku gani huyu, kalalia yai la feni?
Kifaranga kikitoka, kitamla mwenye nyumba!
Lipeleke uwanjani, hakuna wa kukuuliza!"

Vigelegele vikapasuka. Watoto waliuimba njia nzima. Mugenzi alikuwa na sahani ya pilau, tonge likamkwama kooni.

Asubuhi yake uwanja ulijaa njano: madumu ya mafuta, mabeseni, sanduku la cherehani, hata mwavuli. Watu hawakutaka kubahatisha. Jean-Bosco alishika kiuno, hajui acheke au alie. Ndipo Mugenzi akatokea na toroli, mzigo umefunikwa kitenge, macho juu kama anayetafuta mvua.

"Karibu, kuku!" Swafiya akamwita.

Hata Mukamana alicheka, mkono tumboni. Jean-Bosco akatusogeza sote mbali, akainama kukagua kufuli. Halikuwa limeguswa. Akapiga ishara ya msalaba.

Mugenzi akanigeukia, amenuna. "Sasa nitakalia nini?"

"Kanunue vile viti vyangu ulivyoviuza."