Kesho wembe wa msiba unaanzia kichwa cha mwanangu aliyepandikiza nywele

Admin, jina langu lifiche, lakini sifa za mwanangu ziache zilivyo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, niko Kewanja huku Tarime, elimu yangu ni darasa la saba. Watoto wangu wote nimewalea kwa jembe, lakini huyu wa kwanza, nimwite Marwa ingawa si jina lake, Mungu alimtengeneza siku ambayo hakuwa na haraka. Anaendesha yale magari makubwa ya mgodini. Mrefu, mpole, hanywi, na nyumba ninayolala kajenga yeye. Nikipita sokoni natembea polepole ili watu wapate nafasi ya kuniuliza habari zake.

Kasoro ilikuwa moja tu, nywele. Hajafika miaka thelathini na tano lakini upara ulikuwa umeshafika utosini. Umeme ukikatika kazini wenzake wanamwambia, "Mura," ndivyo tunavyomwita kijana huku kwetu, "vua kofia tuone njia." Anacheka nao. Ila mwaka huu tulienda Robanda, kwao binti anayetaka kumuoa. Shangazi wa binti akatoka, akampa mwanangu shikamoo, akasema, "Karibu baba. Kijana mwenyewe mmemwacha wapi?" Jamani! Chai ya siku ile sikuisikia ladha.

Ndipo akaniambia kuna kliniki Nairobi wanapandikiza nywele. Tukavuka mpaka wa Sirari, mimi na yeye tu, akaniapisha hata wadogo zake wasijue. Nikaapa kwa kaburi la baba yake.

Mnaofikiri ni kama kwenda saluni, sikilizeni. Kwanza walimnyoa kichwa chote. Wakamchoma sindano za ganzi, hapo ndipo aliposaga meno, mengine hakuyasikia. Wakachomoa nywele za kisogoni mojamoja na mizizi yake, wakatoboa vitundu mbele, wakazipanda. Kutwa nzima! Baadaye uso ukavimba mpaka macho yakaziba, nikajua nimeua mtoto. Daktari akasema ni kawaida, utashuka, na kweli ukashuka. Alilala ameegemea mito kama mgonjwa wa kifua. Asijikune, asipigwe jua, asivae kofia ya kubana. Tukaambiwa nywele zilizopandwa zitapukutika, tusiogope, mizizi inabaki na zitaota tena baada ya miezi. "Lakini mama," akasema daktari, "wembe usiguse hapa mbele mpaka mimi niseme. Mche wa jana hauvutwi. Zikitoka na mizizi sasa hivi zimepotea, na kule kisogoni nilikozitoa haziji nyingine."

Tumerudi, magamba ya kichwani hayajaisha kudondoka, babu yake akafariki.

Kwetu, mzee akishazikwa ukoo unanyolewa, na wembe unaanza na nyumba ya mzaliwa wa kwanza. Huyo alikuwa mume wangu. Hayupo, kwa hiyo nafasi ni ya Marwa. Asiponyolewa yeye hakuna anayenyolewa, na bibi yake, mjane wa marehemu, haruhusiwi kutoka kwenye ngozi anayokalia ndani. Hata shambani haendi.

Kaburini Marwa alivua kofia kama wengine. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye anasimamia msiba. Akakitazama kile kichwa. "Mura, hapa kumepita nini?"

Nikadakia, "Upele wa kofia ya kazini, shemeji."

"Upele dawa yake wembe. Nitaukwangua mpaka uombe msamaha."

Nikamwambia mbona kichwa kilinyolewa juzijuzi tu. Akanikata jicho. "Kilinyolewa mzee akiwa hai. Hizi zilizochipua ndizo zimeona msiba, ndizo zinaondoka."

Nikaomba basi wanyoe kisogo, mbele paachwe.

"Mke wa kaka, huyu tunamnyoa au tunamchora?" Wazee wakacheka, nami nikacheka nao.

Jana nimemvuta mwanangu nyuma ya zizi nikamwambia nitasema ukweli. Akanishika mkono. "Mama, ukisema nitaitwa mwanamume aliyepandwa kama mahindi mpaka nife. Na habari itafika Robanda kabla ya ng'ombe wa mahari. Waache wanyoe. Nitakaa."

Nitakaa! Ndivyo alivyosema asubuhi ya kutahiriwa, na kweli alisimama hakupepesa jicho, nikapiga vigelegele kuliko mama yeyote pale. Lakini siku ile alikuwa anapata kitu. Kesho anapoteza, na mimi ndiye ninayejua.

Leo bibi kaniita. Kakonda, miguu imevimba kwa kukaa. Akasema, "Mkamwana, nimeichoka hii ngozi. Kesho mjukuu wangu atanitoa." Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno, nikaumeza. Yeye peke yake ndiye shemeji hawezi kumbishia. Akisema mbele paachwe, pataachwa. Lakini siri kwa bibi ni kama maziwa kwenye kikapu, na ataniuliza tangu lini mjukuu wake akaona aibu kufanana na babu yake. Maana marehemu alikuwa na upara uleule, na bibi aliupenda.

Kesho jua likichomoza, mimi kama mama ndiye nitakayeshika beseni la maji chini ya kichwa cha mwanangu. Nivunje kiapo nimwambie bibi kabla usiku haujaingia, mwanangu aniite msaliti? Au ninyamaze, nishike beseni, nione zile nywele zinaelea? Wamama wenye watoto wa kiume, na ninyi vijana mliopandikiza, nishaurini jamani. Maji yakishachotwa nitakuwa nimechelewa.