Ndege ya Mizigo Tu

Sokoni Voi wananiita redio, na sijawahi kukasirika. Nauza maharagwe ya Njukini, nikiyapima kwa mkebe, gorogoro kwa gorogoro, na kati ya mteja na mteja nina simu yangu. Nilikuwa kwenye makundi kumi na moja ya simu: la wauza nafaka, la ukoo, la wazazi wa shule, la kina mama wa kanisa la kwetu Mbololo, na mengine ambayo mpaka leo sijui ni nani aliyeniingiza. Lori likianguka Maungu, tembo wakivamia shamba la mtu, maji yakikatika, mimi ndiye wa kwanza kusema. Mdogo wangu alikuwa akinitania kwamba siku ya kiyama malaika atashika parapanda akute nimeshatangaza.

Huyo mdogo wangu ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama. Alifanya kazi Nairobi, uwanja wa ndege, kwenye kampuni ndogo ya ndege za mizigo. Alianza kwa kubeba maboksi mgongoni, kisha wakamfundisha kuyapanga: mazito yakae wapi, mepesi wapi, yafungwe vipi yasihame ndege ikiwa juu. Siku nyingine alisafiri na mzigo mpaka nchi jirani kusimamia upakuaji. Mama hakuchoka kumuuliza anakaa wapi humo ndani, maana alisikia viti havipo.

"Kuna kiti kidogo cha kukunja nyuma ya rubani, mama. Nakaa pale kama utingo."

Mama alicheka kila mara, na kila mwanawe alipokuja nyumbani alimuuliza tena.

Mwaka jana alimsukia kikapu cha mkonge cha kubebea nguo na chakula. Alipokaribia kumaliza, uzi wa kahawia ukamwishia, nami nikampelekea nyuzi za kijani nilizofumua kwenye gunia la vitunguu. Kikatoka na ukingo wa kijani wa ajabu ajabu. Nilimwambia mama amekiharibu. Mdogo wangu akakipenda vivyo hivyo, akasema angalau kule kazini hakuna atakayekibeba akidhani ni chake.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, picha ilipoingia. Ndege imelala kwa tumbo katikati ya shamba, mkia umekatika, maboksi ya sabuni na ya dawa yametapakaa, na watu wamesimama pembeni wameinua simu zao. Chini pameandikwa jina la nchi na maneno matatu: ndege ya mizigo. Mdogo wangu alikuwa ameniambia Jumanne kwamba wiki hiyo yuko mapumzikoni, na Ijumaa atashuka na treni aje amsaidie mama kuvuna. Kwa hiyo moyo wangu haukushtuka hata kidogo. Nilichowaza ni kwamba makundi yangu bado hayajaipata.

Nikaandika: "Ajali ya ndege. Hakuna abiria, ni mizigo tu. Tushukuru Mungu." Nikatuma pamoja na picha kote kumi na moja, kisha nikampimia mama mmoja gorogoro mbili za maharagwe.

Majibu yakamiminika. Amina, amina, amina. Mmoja akauliza hasara ya dawa zote hizo ataibeba nani. Hakuna aliyeuliza kama ndege hujiendesha yenyewe. Mimi, dada ya mtu anayekaa nyuma ya rubani, sikuuliza pia. Nikifika hapo katika kukumbuka najichukia, na sitaki mtu anifariji.

Saa saba nikasikia kwenye redio ya kinyozi wa jirani kwamba watu watatu wanahofiwa kufariki. Mtangazaji alisema sentensi mbili, akaingia kwenye mpira. Baadaye simu zikasema wawili, halafu watano. Namba zilipanda na kushuka kama bei ya nyanya, na kila anayetuma ana uhakika. Kufikia saa kumi zikatulia kwa wanne. Wakati huo nilikuwa nimeshampigia mdogo wangu, si kwa wasiwasi. Nilitaka tupige soga, nimuulize kama hao anawajua. Mteja hapatikani. Nikajiambia amelala, si yuko mapumzikoni? Nikamwandikia. Ujumbe ukabaki na alama moja, ile ya kwamba haujafika. Nikapiga tena, na tena, mpaka mwenye meza ya dagaa akaniuliza nampigia nani hivyo. Nikafunika maharagwe yangu nikaenda nyumbani jua bado liko juu.

Kampuni ilipiga Ijumaa saa moja asubuhi. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikaanza kwa kuniuliza kama nimeketi. Alisema mfanyakazi mmoja aliugua ghafla, na mdogo wangu akaombwa ashike zamu ile moja tu kabla ya kupanda treni. Wanne wote wamefariki. Alisema pole mara nyingi. Nilimuuliza tu kama mdogo wangu alikuwa amekula.

Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu, na kwa mzazi ndiyo kabisa. Huenda watu watatu, wa damu na wa kanisa. Hamlii langoni. Mnaketi, mnaulizana hali, na mnahakikisha mzazi ametia kitu tumboni, kwa sababu baada ya hapo hamjui atakula lini tena. Ndipo aliye mkubwa wenu huongea. Basi tukakodi gari: mjomba, ambaye ni kaka ya mama, mzee mmoja wa kanisa, na mimi. Njiani mjomba alirudia maneno yake kwa sauti ya chini, akiyabadilisha. Mimi nilijipa moyo kwa jambo moja, kwamba mama ana kile kisimu kidogo cha kupokea tu, kisichoonyesha picha. Nilisema angalau yeye ataambiwa kama mtu anavyostahili kuambiwa.

Tulimkuta jikoni. Sufuria kubwa ya kimanga ilikuwa mekoni tayari, mihogo na maharagwe vimepondwa pamoja, ya kulisha watu wengi. Nilifikiri ni kwa sababu anamngoja mwanawe na treni ya jioni, na hapo nusura nivunje ile kanuni ya langoni. Alitukaribisha, akatupakulia, akajipakulia na yeye. Hakuuliza tumekuja kwa nini siku ya kazi. Mjomba akakohoa.

"Dada, tumekuja..."

"Ngojea nimalize," mama akasema. "Si mnataka nile kwanza? Nakula."

Akala tonge kwa tonge mpaka sahani ikawa tupu, akanawa mikono, akaikausha kwa leso. Kisha akamwambia kaka yake aseme sasa. Mjomba akasema. Yale maneno aliyoyapanga njia nzima yalimpotea, akasema tu kwamba kijana hayupo tena.

Mama hakupiga yowe. Alisema, "Kikapu nilikiona jana."

Sikuelewa. Akanionyesha simu yangu kwa kidevu. Nikaifungua ile picha, ambayo nilikuwa nimeitazama sijui mara ngapi, nikaivuta ikakua. Karibu na boksi la sabuni, kimesimama wima kama kimewekwa na mtu, kikapu. Ukingo wake wa kijani. Nyuzi zangu mwenyewe.

"Jirani alinijia shambani na simu yake," mama akasema. "Nikamwambia labda kijana amemwazima mwenzake, asimpigie mtu yeyote. Nikasema, akiwa amekufa watakuja watatu. Wasipokuja, basi kikapu kimeazimwa. Nimekaa na hiyo tangu jana. Asubuhi nikapika, ili mkija mkute chakula." Akamtazama kaka yake. "Nikasikia gari. Nikawahesabu mkishuka."

Nilianguka pale sakafuni nikamshika miguu. Nikamwambia ni mimi niliyeituma ile picha, mimi na kiherehere changu, anisamehe.

"Najua ni wewe. Alinitajia jina lako kwanza, nikafurahi, nikasema huyu mwanangu hakosi habari." Mkono wake ulikuwa kichwani mwangu, bado una unyevu wa maji ya kunawa. "Halafu akanisomea. Hakuna abiria. Ni mizigo tu. Tushukuru Mungu."

Mzee wa kanisa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nikalaza jembe chini, mwanangu, nikashukuru. Nilimaliza kushukuru, ndipo akanipa simu niione picha."